Mota ya Waipa kwenye Pipa la Asali: Kidhibiti Kipi Kinastahili Pesa Yako?

Mfugaji wa nyuki aliyehamia mizinga ya Langstroth hufika mahali mkono ukachoka. Mashine ya kukamua asali kwa kuzungusha ni pipa lenye kizimba ndani. Fremu zilizojaa hupangwa kizimbani, mtu anazungusha mpini, asali inarushwa kwenye ukuta wa pipa na kuteremka hadi kwenye bomba. Mwenye mizinga mitatu au minne anatoshwa na mpini, wala asinunue kitu kingine. Lakini mwenye mizinga ishirini, au kikundi kinachokamua asali ya wanachama wote siku moja, ataanza kufikiria mota. Na mota inayopatikana kwa urahisi Nairobi, Kirinyaga Road na kule Grogan, ni ya waipa ya gari iliyovunjwa. Ina gia ndani, ina nguvu, inatumia volti 12, na bei yake ni ya mapatano. Soma kibandiko kabla ya kulipa, kwa kuwa waipa za malori na mabasi mengi ni za volti 24.

Shida ni kasi. Sega lililojaa asali ni zito na nta yake ni laini. Likizungushwa kwa nguvu zote tangu mwanzo linapasuka, na nyuki watakula asali nyingi kulijenga upya. Kwa hiyo kizimba lazima kianze taratibu, kikamue upande mmoja kwa sehemu, fremu zigeuzwe, ndipo kasi ipandishwe hadi mizunguko 200 au 300 kwa dakika. Mota ya waipa peke yake haifiki huko; nyingi huzunguka mara 40 hadi 70 kwa dakika. Ndiyo maana puli kubwa hufungwa kwenye mota na ndogo kwenye mhimili wa kizimba. Puli, hata hivyo, inatoa uwiano tu. Kupanda na kushuka kwa kasi ni kazi ya kidhibiti, na nimeona wafugaji na wanafunzi wakitupa pesa hapo kwa namna ileile: wanalipia ubongo wa gharama, kisha wanabania msuli. Wananunua bodi nzuri ya maikrokontrola yenye Wi-Fi, halafu mkondo wa mota wanaupitisha kwenye kipande cha bei rahisi kisichouweza.

Bei nitakazotaja ni makadirio ya maduka ya elektroniki ya katikati ya Nairobi, Luthuli Avenue na mitaa ya jirani. Hupanda na kushuka pamoja na dola, na duka hadi duka. Anayenunua Kariakoo atakuta majina ya vifaa ni yaleyale, na mpangilio wa rahisi na ghali hautofautiani sana.

Tuanze na njia ya zamani, maana bado wapo wanaoishauri: rezista nene kati ya betri na mota. Tuseme mota inavuta ampea 4 na tunataka ipate volti 7.2 tu. Volti 4.8 zinazobaki zitaangukia kwenye rezista, na 4.8 mara 4 ni wati 19.2 za joto tupu. Betri nayo inatoa ampea 4 muda wote. Tena kizimba kikielemewa, mota huvuta mkondo zaidi, na papo hapo rezista inakula volti zaidi. Mota inalegea wakati uleule inapohitaji nguvu.

Njia ya sasa, PWM, hufanya kazi tofauti. Haipunguzi volti, inawasha na kuzima umeme mara mamia au maelfu kwa sekunde, na mota huitikia wastani. Ikiwashwa asilimia 60 ya muda, mota ya volti 12 huenda kama iliyopewa volti 7.2. Uzuri wake uko kwenye ile asilimia 40 iliyobaki. Umeme ukizimwa, mkondo ulio ndani ya koili haukatiki ghafla. Unaendelea kuzunguka kupitia dayodi iliyofungwa sambamba na mota. Mota inapata ampea zake 4 ilhali betri, kwa wastani, inatoa kama 2.4 tu. Chukua betri ya volti 12 na Ah 7, ile ndogo ya kengele za wezi na taa za sola, na uamue kutoishusha chini ya nusu ili idumu. Kwa hesabu ya karatasi, rezista itakupa dakika 52 za kukamua na PWM itakupa 87. Huko shambani ambako hakuna stima, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtamaliza fremu zote au mtarudi kwenye mpini.

Kabla ya kuingia dukani, ijue mota yako. Watu huuliza "inavuta ampea ngapi?" wakapewa jibu la mota inayozunguka huru. Ampea zinazochoma vidhibiti ni zile za mota iliyosimama, nazo ni volti za betri kugawanya kwa ukinzani wa koili. Mota inapoanza kuzunguka, au fremu inapokwama, huwa katika hali hiyo kwa muda. Pima ukinzani kwa mita, ukigusanisha kwanza ncha mbili za mita na kuitoa namba itakayoonekana kwenye jibu, kisha geuza mhimili kidogo na upime tena mara kadhaa, kwa sababu brashi hazikai mahali pamoja. Ukipata omu 0.6, mota hiyo iliyosimama inaweza kuvuta ampea 20 kwa volti 12, hata kama ikiwa kazini inatosheka na 4. Nunua msuli kwa kuangalia hiyo 20. Na karibu na betri weka fyuzi ya gari ya ampea 10. Fyuzi hiyo huvumilia mruko mfupi wa kuanzia lakini mota ikikwama kabisa hukatika.

Chaguo la kwanza la kweli halina maikrokontrola kabisa. Ni kisanduku au bodi ndogo yenye potenshiometa, au voliumu kama mafundi wa redio wanavyoiita, na skrubu nne za kufungia nyaya. Ndani mna chipu ndogo, mara nyingi ya ukoo wa 555, ile iliyobuniwa na Hans Camenzind kwa kampuni ya Signetics na kuanza kuuzwa mwaka 1972, pamoja na mosfeti, yaani transista inayotumika kama swichi, moja au mbili. Bei ni kati ya shilingi 500 na 1,000. Huandiki programu, huunganishi kompyuta. Unazungusha, kizimba kinaanza polepole, unaongeza. Kwa mfugaji ambaye atasimama kando ya pipa muda wote, na wengi husimama, hiki kinatosha. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu kuna vijana wanaona haya kununua kitu kisicho na programu ndani. Asali haijui kilichoko ndani ya kisanduku.

Tahadhari yake ni namba iliyochapishwa juu. Bodi iliyoandikwa ampea 10 huku njia zake za shaba ni nyembamba na mosfeti haina alumini ya kutoa joto, ichukue kama ya ampea 4 au 5. Iliyoandikwa 20 na yenye kipande kikubwa cha alumini inaweza kubeba kazi yetu bila kutokwa jasho. Jambo la pili ni kwamba mkono wa binadamu husahau. Mtu akizima mashine na kuacha voliumu juu, atakayeiwasha baadaye atapasua masega.

Chaguo la pili ndilo maarufu kuliko yote, na ndilo ninaloliomba liachwe kwa kazi hii: bodi ya maikrokontrola ya Arduino Uno pamoja na moduli nyekundu ya kuendeshea mota, L298N. Imo kwenye visanduku vingi vya kujifunzia na kwenye masomo mengi ya mwanzo, inauzwa shilingi 300 hadi 400, na juu yake imebeba alumini nyeusi inayotia moyo. Lakini chipu hiyo ya STMicroelectronics imejengwa kwa transista za kawaida, si mosfeti, na kila mkondo unaopita hulipa ushuru wa volti. Hati ya kiwanda inasema kwa ampea 1 zinapotea volti kati ya 1.8 na 3.2, na kwa ampea 2 zinaweza kufika 4.9. Ampea 2 ndio mwisho wa kila upande. Kwa betri ya volti 12, mota inaweza kubaki na volti 7.1 tu hata ukiwasha asilimia 100, na moduli ikachemka kwa karibu wati 10. Mota yetu inataka 4 ikiwa shwari na 20 ikisimama. Matokeo ni chipu kujifunga kwa joto katikati ya kazi, au kuungua, kisha mtu anarudi dukani kununua kitu alichopaswa kununua mwanzo. Kwa hiyo shilingi 350 hizo ni nyongeza juu ya bei ya kidhibiti cha kweli.

Hata kwa gari dogo la kuchezea la mwanafunzi sioni sababu ya kuendelea nayo. Betri nne ndogo zinatoa volti 6. L298N ikila 2, mota zinabaki na 4. Badala yake, TB6612FNG ya Toshiba imejengwa kwa mosfeti, inabeba ampea 1.2 kwa wastani na 3.2 kwa mruko mfupi kila upande, na kwa ampea 1 inapoteza nusu volti hivi. Bei yake inakaribiana au inazidi kidogo. Mpaka wake ni volti 15, kwa hiyo isifungwe kwenye mfumo wa 24.

Chaguo la tatu ni mosfeti moja, na hapa msomaji avumilie herufi na namba, maana herufi moja inabadilisha kila kitu. Mashine ya asali huzunguka upande mmoja. Daraja la H, yaani mpangilio wa swichi nne unaowezesha mota kurudi nyuma, halina kazi hapa. Swichi moja inatosha. Sasa dukani kuna vipande vitatu vinavyofanana kwa umbo. Cha kwanza ni IRF520, kinachouzwa kikiwa tayari kwenye bodi ndogo kwa kama shilingi 200 na maelezo kwamba ni cha Arduino. Mosfeti hiyo inahitaji volti 10 kwenye geti, mguu unaoiwasha, ili ifunguke sawasawa, na hata zikiwepo inabaki na ukinzani wa omu 0.27. Kwa ampea 4 hiyo ni wati 4.3 za joto. Ukiipa volti 5 za Uno inafunguka nusunusu, ukiipa 3.3 za bodi kama ESP32 ni afadhali usiifunge. Cha pili ni IRFZ44N, mosfeti imara ya volti 55, inayopendwa na mafundi wa inveta, nayo pia inataka 10 kwenye geti. Cha tatu ni IRLZ44N. Hiyo L badala ya F maana yake ni kwamba geti lake limetengenezwa kwa volti za chipu za kompyuta. Kwa volti 5 ukinzani wake haupiti omu 0.025. Ampea 4 zikipita, joto ni wati 0.4, kiasi ambacho hata alumini haihitajiki. Ampea 20 zikipita kwa sekunde moja ya kukwama ni wati 10, na kwa ajili ya sekunde hiyo weka alumini ndogo.

Kipande hicho ni shilingi 100 hivi. Muuzaji akisema "hizi ni sawa tu" huku akikupa yenye F, mshukuru uende duka la pili. Angalia maandishi kwa tochi.

Kinachoizunguka pia ni cha bei ndogo, lakini kila kimoja kina kazi. Rezista ya omu 100 hadi 220 kati ya pini na geti. Rezista ya kiloomu 10 kutoka geti hadi hasi, ili mota isiruke yenyewe wakati maikrokontrola inawaka. Kapasita ya mikrofaradi 1000 na volti 25 karibu na mosfeti. Hasi ya betri na hasi ya maikrokontrola zikutane, la sivyo hakuna kitakachofanya kazi. Na dayodi, ambayo hukosewa zaidi. Wengi hununua 1N4007 kwa kuwa ni ya shilingi chache na inapatikana kila duka. Ni ya ampea 1 na huchelewa kufunga; haikuundwa kwa mkondo unaokatwa maelfu ya mara kwa sekunde. Inatakiwa dayodi ya aina ya Schottky ya ampea 10 au zaidi, mfano MBR1045. Anayetaka kuokoa hata hiyo pesa afungue pawasaplai ya kompyuta iliyokufa. Kwenye upande wa volti ndogo, juu ya alumini, kwa kawaida kuna dayodi mbili za Schottky katika kifuko kimoja chenye miguu mitatu, mara nyingi zikiwa nzima. Kabla ya kuingiza bisibisi, pawasaplai iwe imechomolewa na kukaa muda mrefu, kwa sababu kapasita kubwa za upande wa stima hushikilia umeme unaoweza kuua.

Chaguo la nne ni moduli ya BTS7960, shilingi 1,000 hadi 1,200. Ina chipu mbili za Infineon, kila moja nusu daraja, na ukinzani wa kila moja kwa jumla ya swichi zake mbili ni kama miliomu 16. Inajilinda dhidi ya joto, mkondo uliozidi na volti zilizoshuka mno. Tangazo husema ampea 43. Hiyo ni namba ya mpaka wa chipu, na alumini iliyobandikwa nyuma haiwezi kuihimili kwa muda. Kwa ampea 4 zenye miruko ya 20 inafanya kazi bila kuhisi. Je, ina thamani mara kumi ya mosfeti ya shilingi 100? Kwa mota inayozunguka upande mmoja ningesema hapana, kama si jambo moja ambalo halimo kwenye matangazo.

Mota nyingi za waipa hutumia bodi yake ya chuma kama waya wa hasi, jinsi gari lenyewe lilivyofungwa. Mosfeti moja, pamoja na vile vidhibiti vingi vya voliumu, hukata umeme upande wa hasi: chanya inakwenda moja kwa moja kwenye mota, na swichi inakaa kati ya mota na hasi ya betri. Sasa fikiria mota imefungwa kwa boliti kwenye fremu ya chuma ya pipa, na hasi ya betri ikagusa fremu hiyohiyo kwa bahati mbaya, labda kupitia klipu iliyolegea au sanduku la betri. Mkondo utaizunguka swichi. Mota itaruka kwa kasi yote, na voliumu haitasaidia kitu. Masega yote yatapasuka, na aliyeingiza mkono kugeuza fremu ataumia. Kwa hiyo weka mita kati ya bodi ya mota na waya zake kabla ya kuchagua kidhibiti. Ikionyesha kwamba zimeungana, una njia mbili. Ya kwanza ni kuitenga mota kwa mbao na mpira na kuhakikisha hasi ya betri haigusi chuma chochote cha mashine. Ya pili ni kununua BTS7960 na kutumia nusu yake tu: pato moja liende kwenye chanya ya mota, bodi ya mota iende kwenye hasi ya betri. Hapo ukataji unafanyika upande wa chanya, na chuma chote cha mashine kinabaki hasi. Kwa mota ya namna hiyo kwenye pipa la chuma, shilingi 1,100 ni pesa ya haki na ningezilipa. Jambo moja tu: nusu daraja hurudisha nguvu kwenye betri kasi inaposhushwa ghafla. Betri inaipokea. Anayetumia pawasaplai ya stima ashushe kasi taratibu.

Ubongo sasa, nao hautachukua nafasi kubwa kwa sababu kazi yake ni nyepesi: kusoma voliumu moja, kutoa PWM moja. Arduino Uno halisi huzidi dola 25 kabla ya usafiri na ushuru. Nakala zake ni shilingi 1,000 hadi 1,500, na Nano ya nakala ni chini ya hapo, kama 600 hadi 1,000. Zote mbili zina chipu ya ATmega328P ya megahezi 16 na zote zinatoa volti 5, jambo linalozifaa kwa IRLZ44N. Raspberry Pi Pico ilizinduliwa Januari 2021 kwa dola 4 na ina njia 16 za PWM, ESP32 ina Wi-Fi, lakini zote hutoa volti 3.3, na hati ya IRLZ44N haitoi ahadi kwa volti hizo. Utalazimika kuongeza chipu ya kuendesha geti au kutafuta mosfeti ambayo hati yake inataja ukinzani kwa volti 2.5 au 3.3. Kwa mashine ya asali sioni faida ya Wi-Fi. Nano ya nakala ndiyo chaguo langu, na anayejua kuchoma programu kwenye chipu tupu atashusha gharama zaidi kwa ATtiny85.

Uno na Nano hutoa PWM ya hezi 490 kwenye pini nyingi na 980 kwenye pini 5 na 6. Mota italia kidogo. Kuna wanaopandisha hadi kilohezi 20 ili sikio lisisikie, na kwa feni ya chumbani nawaelewa. Lakini kila mwasho na mzimo mosfeti hupita katika hali ya nusu wazi inayozalisha joto, na pini ya Nano yenye miliampea 20 huchukua kama mikrosekunde 2.4 kulijaza geti la IRLZ44N. Kwa kilohezi 20, kulijaza na kulimwaga ni karibu sehemu ya kumi ya muda wote. Kwa pini 9 na 10, mstari mmoja wa programu unaobadili mgawanyo wa Timer1 hukupa hezi 3,921, na hapo sehemu hiyo ni asilimia 2 tu. Usiguse Timer0 ya pini 5 na 6, kwa kuwa ndiyo inayohesabu muda wa programu nzima.

Je, ubongo huo unakuletea nini ambacho kisanduku cha voliumu hakina? Kwanza, kuanza taratibu kila mara, hata mtu akiacha voliumu juu. Kati ya ngazi 0 na 255, ukiongeza ngazi moja kila milisekunde 50, kizimba kinafika kasi yote baada ya sekunde 13 hivi, na ule mkondo wa ampea 20 hautokei isipokuwa fremu imekwama. Pili, swichi kwenye kifuniko cha pipa: kikifunguliwa, kizimba kinaachiliwa na hakianzi tena mpaka kifungwe na kitufe kibonyezwe. Tatu, sumaku moja kwenye mhimili na kihisi cha Hall cha shilingi mia au chini, programu ikishika mizunguko uliyoitaja ingawa asali inatoka na kizimba kinazidi kuwa chepesi. La pili peke yake linanitosha kulipia Nano pale ambapo wakamuaji ni wengi na watoto wanazunguka karibu. Lisipokuhusu hata moja kati ya haya matatu, rudi kwenye voliumu.

Kwa jumla, basi. Kisanduku cha voliumu chenye alumini nzuri, fyuzi na nyaya za milimita mraba 2.5 ni kama shilingi 1,300. Nano, IRLZ44N, dayodi, kapasita, rezista, na chaja ya simu ya kwenye gari kwa ajili ya kupata volti 5 kutoka betri ileile, ni kama 1,500 hadi 1,800. Nano na BTS7960 ni 2,300 hadi 2,600. Uno na L298N ni kama 1,700, na hazizungushi pipa. Usiyeandika programu mwenyewe ongeza ujira wa kijana wa chuo cha ufundi, ambaye kazi hii ataimaliza kwa siku moja. Ukarabati pia uingie kwenye hesabu. Mosfeti ya shilingi 100 ikiungua huko Kitui katikati ya msimu, mwenye pasi ya kulehemu na mosfeti ya akiba mfukoni anaendelea na kazi baada ya nusu saa. BTS7960 ikiungua, moduli nzima inatupwa na nyingine inaagizwa mjini.

Chochote utakachochagua, kijaribu kabla hakijafika kwenye asali, na cha kujaribia unacho kwenye gari: balbu ya taa kubwa aina ya H4. Upande wake wa wati 55 huvuta kama ampea 4.6 kwa volti 12, sawa na mota ikiwa kazini, na ikiwa baridi huvuta nyingi zaidi kwa mruko, kama mota inavyoanza. Iunge mahali pa mota, kidhibiti kikiwa asilimia 100, kisha pima volti zinazopotea ndani ya kidhibiti, kati ya hasi ya betri na waya wa hasi wa balbu. Kwa BTS7960 pima kati ya chanya ya betri na pato. IRLZ44N halisi itaonyesha kama volti 0.1. IRF520 itaonyesha zaidi ya 1, na yenye jina la uongo huenda ikazidi hapo. Duka lenye betri kaunta litakuruhusu kupima palepale. Lisiloruhusu, omba risiti na muda wa kurudisha. Kisha iache balbu iwake dakika kumi kwa asilimia 60 na usogeze kidole karibu na mosfeti. Vuguvugu ni sawa. Isiyokaribika kwa kidole, irudishe wakati fedha zako bado ziko kwenye droo ya muuzaji.